Daftari la Nyimbo

Wajukuu zangu, kila mkija likizo mnaniuliza habari za muziki wa zamani. Leo nitawasimulia, ila nitaanzia kwenye suruali. Mimi ni mtoto wa fundi cherehani, na ujana wangu niliuona kwanza kutokea chini, kwenye pindo.

Baba yangu alishonea barazani kwetu Magomeni. Alikuwa na cherehani ya Singer ya kukanyaga kwa miguu, pasi ya mkaa, futikamba shingoni na kipande cha chaki nyuma ya sikio. Mwaka 1975 nilikuwa na miaka 15. Nikitoka shule navua sare, nakula, nakaa kwenye kigoda pembeni yake. Kazi yangu ilikuwa kujaza uzi kwenye bobini, kufumua, na kupuliza mkaa wa pasi usizime. Wateja wa jioni walikuwa vijana, na karibu wote walikuja na haja moja: wana suruali iliyonyooka, wanataka bugaluu.

Bugaluu ni suruali iliyobana mapajani, halafu ikifika gotini inaanza kufunguka mpaka chini, kama mdomo wa tarumbeta. Mwenye pesa alinunua tetroni mpya dukani akashonewa yake. Asiyekuwa nazo, na hao ndio waliokuwa wengi, alileta suruali ya kaka yake au ile aliyovalia Idi ya mwaka juzi.

Hapo kazi inaanza kwangu. Nachukua wembe, nafumua mshono wa nje kutoka gotini kushuka chini, uzi mmoja mmoja, kwa sababu ukiteleza ukakata kitambaa umemharibia mtu nguo aliyonayo peke yake. Baba anakata pembetatu mbili ndefu, ncha juu, upana chini. Anaiingiza pembetatu pale palipofumuliwa, anabana kwa pini, anashona upande mmoja, anageuza, anashona upande wa pili. Ile ncha ya juu, pale inapokutana na goti, ndiyo iliyotenganisha mafundi. Fundi mwenye haraka aliacha kikunjo, kitambaa kikajikusanya kama ngozi ya ndizi. Kazi ya baba ililala. Ukipitisha kidole huoni palipoanzia.

Kitambaa cha rangi ileile mara nyingi hakikupatikana, basi tuliweka kilichokuwepo. Suruali ya kijivu ikapata pembetatu ya damu ya mzee. Ya kahawia ikapata ya rangi ya maziwa. Baada ya wiki chache wakaja vijana wenye uwezo, na jora lao jipya mkononi, wakaomba nao wawekewe kipande cha rangi tofauti. Dhiki ya wenzao ilikuwa imeshageuka fasheni, na baba akawashonea bila kusema neno.

Swali lake la kwanza kwa mteja lilikuwa, "Inchi ngapi?" Alimaanisha upana wa mguu kule chini. Wapole walisema 22, wengi 24, na aliyetaka kusemwa mtaa mzima alisema 28. Swali la pili lilikuwa, "Viatu viko wapi?" Bugaluu haikupimwa pekupeku. Chini yake kulikuwa na raizoni, viatu vya soli nene na kisigino kirefu, na pindo lilitakiwa lifunike kiatu chote, libakize unene wa kidole tu kufika ardhini. Ukipima bila viatu, siku ya kuvaa suruali inaning'inia juu, kijana anaonekana amekua ghafla usiku. Kwa wale ambao raizoni walikuwa bado wanaziwekea akiba, baba alikata kibao cha mbao cha unene wa inchi tatu akakiweka chini ya meza. Mteja anapanda juu yake, anasimama wima, anapimwa.

Kuna kijana wa mtaa wa pili alikuja mara tatu kupimwa akiwa juu ya kibao kile. Siku alipopata raizoni zake alipita mbele ya baraza yetu mara nne kabla ya magharibi. Kila alipopita, baba aliacha kukanyaga cherehani akamtazama mpaka akakata kona.

Nawaambia haya kwa sababu nimewaona mkishika picha zetu, mkiangalia zile afro kubwa na kola za mashati zilizofika mabegani. Halafu anatokea mzee mwenzangu anawaambia kwamba zamani vijana walivaa kwa heshima na muziki ulikuwa na maadili, sio huu wenu. Nataka mjue kitu ambacho wengi wa rika langu hawapendi kukisema. Sisi tulisemwa. Tulisemwa sana.

Hata kabla yetu, kaka na dada zetu walipata zaidi ya kusemwa. Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana. Vimini, suruali za kubana, nywele za bandia na mafuta ya kujichubua vikatangazwa kuwa marufuku kuanzia tarehe 1 Januari 1969. Wakati ule ule wa Oktoba makundi yaliwavamia wanawake waliovaa nguo fupi katika stendi ya mabasi ya Kariakoo. Novemba 1969 ikaja zamu ya muziki wa soul, ule wa akina James Brown, ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka minane, tisa, lakini nakumbuka mama yangu mdogo akikunja kimini chake cha bluu katikati ya khanga mbili na kukiweka chini kabisa ya sanduku. Alikuwa amekivaa mara mbili tu. Hakukitupa. Miaka ikapita, sanduku likahamishwa nyumba tatu, na kimini kikabaki mle mle chini.

Kwa hiyo mkisikia mtu anaililia jana akidai ilikuwa safi, mvumilieni, ila msimwamini moja kwa moja. Tunachokikosa ni kitu kingine. Mimi imenichukua miaka mingi kukielewa, na nilikielewa kwa njia ya muziki.

Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka mwaka 1994. Zanzibar walikuwa nayo tangu 1973, tena ya rangi, na mtu akivuka akirudi alitusimulia kama aliyekwenda hija. Sisi huku tulikuwa na Redio Tanzania Dar es Salaam, RTD, iliyorusha matangazo yake kutoka Barabara ya Pugu. Fikirini maana yake. Nyumba zote za mtaa, kituo kimoja. Redio moja iko dirishani, nyingine juu ya kabati, nyingine kwa muuza kahawa imevishwa mfuko wa kitambaa alioshona baba yangu. Ulikuwa unaweza kutumwa kutoka Magomeni kwenda Kariakoo kwa miguu ukausikia wimbo mmoja njia nzima. Ubeti wa kwanza unakuachia kwa jirani, wa pili unakupokea kwa fundi baiskeli, na ukiwa unapita kwa muuza mkaa chemko inaanza.

Chemko ni neno mnalopaswa kulijua. Nyimbo zetu za dansi nyingi zilikuwa na vipande viwili. Mwanzo ni mwendo wa taratibu, mwimbaji anatoa kisa chake: mume amesahau nyumbani, rafiki amegeuka, barua haijajibiwa. Watu wanacheza huku wanasikiliza. Kisha magitaa yanabadilika, solo linaanza kujibizana na ridhimu, tarumbeta zinaingia, na wote waliokuwa wamekaa wanainuka. Hiyo ndiyo chemko. Katika ukumbi uliijua kwa kelele za viti.

Na bendi zenyewe hazikuwa mali ya msanii mmoja kama mlivyozoea nyinyi. Bendi nyingi zilikuwa za taasisi. NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Polisi walikuwa na bendi, Jeshi la Kujenga Taifa lilikuwa na bendi, kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na Urafiki Jazz, Umoja wa Vijana ulikuwa na Vijana Jazz. Vyombo ni vya taasisi, na mwanamuziki ni mwajiriwa anayelipwa mshahara kama karani. Ndiyo maana bendi ziliweza kuishi miaka na miaka hata mwimbaji nyota akihama. Na walihama kweli. Mlimani Park ilipoanzishwa mwaka 1978 ilivuta watu kutoka bendi nyingine, na hata Muhiddin Maalim Gurumo aliacha kule kwa chama cha wafanyakazi, ambako bendi ilikuwa sasa inaitwa Juwata, akaenda huko. Mtaani kwetu habari ile ilizungumzwa kwa sauti ya chini, kama habari ya ndoa iliyovunjika.

Kila bendi ilikuwa na mtindo wake, na mtindo ulikuwa na jina. Juwata walikuwa Msondo, Mlimani Park walikuwa Sikinde. Majina yote mawili yametoka kwenye ngoma za asili. Afro 70 ya Patrick Balisidya ilikuwa Afrosa, na ndiyo iliyokwenda kutuwakilisha Lagos kwenye tamasha la FESTAC mwaka 1977. Safari Trippers, alikoimba Marijani Rajabu kabla ya kwenda Dar International, walikuwa Sokomoko. Orchestra Maquis, waliotoka Zaire wakafanya Dar kuwa kwao, walikuwa Kamanyola. Mpaka leo ukimuuliza mtu wa Dar wa umri wangu, Msondo au Sikinde, hawezi kukujibu zote. Atachagua, na atakueleza kwa nini mpaka chai ipoe.

Mimi ni Msondo. Tuendelee.

Msichana wa miaka 15 hakuruhusiwa dansini. Lakini ukumbi ulikuwa mitaa miwili kutoka kwetu, na ukuta hauzuii sauti. Jumamosi usiku tulikaa watatu kwenye baraza ya shoga yangu: mimi, yeye, na binti wa nyumba ya nyuma. Besi ndiyo iliyotufikia kwanza. Ilikuja chini chini, tunaisikia kwenye saruji tuliyokalia kabla ya kuisikia masikioni. Kisha upepo ukigeuka inakuja saksafoni kipande, inakatika. Waimbaji hatukuwapata kabisa kwa umbali ule. Tulijaza wenyewe, kwa sababu maneno yote tulikuwa nayo kwenye daftari.

Sasa nimefika kwenye daftari.

Ni lazima mwelewe jinsi wimbo ulivyokuwa adimu. RTD ilizirekodi bendi katika studio zake yenyewe na kuziweka nyimbo kwenye tepu kubwa za rili. Tepu zilibaki redioni. Santuri zetu nyingi zilifyatuliwa Nairobi, na Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa inavunjika, mpaka wetu na Kenya ukafungwa. Ulifunguliwa tena mwaka 1983. Kaseti zilikuwepo, lakini kinasa sauti kilikuwa cha wenye nacho. Kwa watoto wa fundi cherehani wimbo uliishi pale tu redio ilipoupiga. Dakika zile sita, saba, halafu umekwenda. Utarudi lini hujui. Kesho, au wiki ijayo, au wakati upo shuleni.

Kwa hiyo tuliwinda maneno. Daftari lilikuwa la shule, kurasa 48, tumelivisha gazeti. Watatu tuligawana mistari: wimbo ukianza, mimi nashika mstari wa kwanza, shoga yangu wa pili, binti wa nyuma wa tatu, kisha zamu inarudi kwangu. Hakuna kuimba, hakuna kucheka, hakuna kusikiliza mstari wa mwenzio, kwa sababu ukisikiliza wake wako unakupita. Wimbo ukiisha tunakimbilia kalamu, kila mmoja anatapika alichobeba kabla hakijamwagika. Mara ya kwanza ubeti ulikuwa na matundu kama wavu. Mara ya pili redio ikiupiga, tunaziba. Wimbo mrefu ulitumalizia mwezi.

Mle ndani tulikuwa na nyimbo 31. Kando ya kila wimbo tuliandika jina la bendi, jina la mwimbaji kama tumelijua, na alama: nyota moja, mbili au tatu. Kuna ukurasa umejaa michoro ya bugaluu. Kuna ukurasa una doa la mafuta ya nazi. Na kuna wimbo mmoja, ukurasa wa 19, wenye tundu ambalo halikuzibwa.

Ni neno moja tu. Mwisho wa mstari wa tatu, ubeti wa pili. Mwimbaji anafika pale, na saksafoni, iliyokuwa imetulia, inaingia mapema ikapita juu ya neno lile. Binti wa nyuma, mwenye mstari huo, aliapa ni jina la mji. Shoga yangu alisema hapana, ni jina la mtu, na kama ni mtu kisa chote kinabadilika, kwa sababu basi yule mwanamume hakusafiri, ameibiwa. Mimi nilisema tuache wazi mpaka tusikie vizuri. Tuliusikia tena mara tano, sita. Kila mara saksafoni ikawahi. Tulibishana tukichota maji, tukifua, tukienda shule. Siku moja tulimpelekea baba kesi ile barazani. Hakuinua kichwa. Alisema, "Ukipigwa tena, mniite." Na kweli, uliporudi hewani alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja, akatega sikio. Akakaa kimya. Halafu akasema, "Huyo mpiga saksafoni ni mzuri sana," akaendelea kushona.

Januari 1979 Mbaraka Mwinshehe alifariki kwa ajali ya gari Mombasa. Sijui kama naweza kuwaelezea. Sauti ile ya Morogoro, na lile gitaa lake, tulikuwa tumekua navyo. Nchi ilikuwa vitani na Uganda wakati ule, vijana wa mtaani kwetu walikuwa mstari wa mbele, na watu walikuwa wameshazoea kukaa karibu na redio kwa hofu. Siku ile majirani walizitoa redio dirishani na kuziweka nje, kwenye baraza, bila mtu kumwambia mwenzake. Mtaa mzima ulipiga nyimbo zake kwa pamoja. Yule kijana wa kibao alikaa kwenye ngazi yetu, mikono kichwani, na bugaluu yake imeburuza vumbi hajali.

Baada ya vita miaka ikawa migumu. Sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, khanga kwa foleni. Hakuna aliyeleta jora kwa baba. Yaliletwa mashati yaliyochakaa kola. Anafumua kola, anaigeuza upande mzima uje juu, anairudisha. Shati linapata mwaka mwingine. Bugaluu zile zile nilizofumua kuzipanua, niliketi tena kuzifumua kuzipunguza, kwa sababu sasa suruali pana ilikuwa ya zamani na kitambaa kilichotoka kilitosha kaptula ya mtoto. Mwaka 1984 serikali ililegeza masharti ya kuagiza bidhaa, mitumba ikaanza kujaa masokoni, na baba akawa fundi wa kupunguza viuno vya watu wa Ulaya vimtoshe mtu wa Magomeni. Mimi wakati huo nilikuwa mke wa mtu na kichwani nina kalikiti, nywele za mawimbi zinazong'aa mafuta. Kila mto wa nyumbani ulikuwa na doa. Mama mkwe alilalamika mpaka akachoka.

Kisha wakaja wazazi wenu. Wao walipata redio za FM na televisheni, wakapata Bongo Flava, kina Juma Nature na Lady Jaydee. Baba yenu mkubwa alivaa suruali imeshuka chini ya makalio, kata K, na siku ya kwanza nilipomwona nilisimama mlangoni nikamzuia asitoke. Nikafungua mdomo. Maneno yaliyotoka yalikuwa yale yale, neno kwa neno, waliyokuwa wanaambiwa wateja wa baba yangu. Nikajisikia. Nikasogea nikampisha. Na sasa hivi naye ana kitambi, akisikia wimbo wa mwaka 2003 ndani ya gari anaongeza sauti na kuwaambia nyinyi kwamba huo ndio ulikuwa muziki.

Watafiti wa kumbukumbu wameliona hili kwa watu wengi: mtu mzima akiulizwa maisha yake, sehemu kubwa ya anayoyakumbuka waziwazi inatoka umri wa kati ya miaka 10 na 30. Ni wakati mambo mengi yanatokea kwa mara ya kwanza. Naamini. Lakini mimi nina la kuongeza kutoka barazani. Nikisikia wimbo wa daftari lile, kinachorudi kwanza sio mwimbaji. Kinarudi kiwiko cha shoga yangu kikinigusa ubavuni, ishara kwamba mstari wangu unakuja. Nausikia wimbo na nasikia watu wengine wanausikia. Leo nyinyi mna nyimbo zote za dunia mfukoni, na nafurahi kwa ajili yenu, kwa kweli nafurahi. Ningekuwa na kitu kile mwaka 1976 nisingelala. Ila nawaona watano sebuleni, kila mmoja na vipuli vyake masikioni, watano mna nyimbo tano. Najiuliza mkiwa na umri wangu, kiwiko cha nani kitawagusa.

Nyimbo zetu siku hizi zinaitwa zilipendwa. Wakenya wanasema zilizopendwa. Neno hilo linaniuma kidogo. Lina maana kwamba mapenzi yalikuwepo yakaisha, na mimi sijaacha kuzipenda hata siku moja.

Sasa niwaambie kilichotokea Desemba iliyopita. Mjukuu wangu wa kidato cha pili, mwenyewe yupo hapa anajijua, alilikuta daftari kwenye sanduku. Alilisoma lote, kurasa 48. Alicheka kwenye michoro ya bugaluu, akanyamaza alipoona mwandiko wa mtu wa tatu, kwa sababu anajua binti wa nyumba ya nyuma hayupo tena. Tulimzika mwaka 2011. Halafu akafika ukurasa wa 19.

"Bibi, hapa mbona wazi?"

Nikamsimulia. Mji au mtu. Saksafoni. Babu yake mkuu na kiganja kwenye gurudumu. Akaondoka na daftari akaenda sebuleni. Baada ya nusu saa akarudi anakimbia, simu mkononi. Ameupata. Kuna mtu ameuweka mtandaoni, umesafishwa sauti, na yeye ameupunguza mwendo, ameurudia pale pale mara ishirini.

"Bibi, nimelisikia! Ni..."

Nilimziba mdomo kwa kiganja. Hata mimi nilishtuka jinsi nilivyokuwa mwepesi.

Shoga yangu anaishi Tanga kwa mwanawe. Macho yamepungua, masikio bado mazima. Nikamwambia mjukuu wangu akae, anipigie namba yake, aweke sauti kubwa. Simu ikaita muda mrefu. Alipopokea sikumsalimia hata vizuri. Nikamwambia, "Shoga, ukurasa wa 19. Mtoto ameusikia."

Kimya kule Tanga. Nikamsikia anavuta kiti, anakaa.

"Asiseme," akasema. "Aupige toka mwanzo. Wewe shika mstari wa kwanza."

Mjukuu wangu akaweka simu ya pili karibu na ya kwanza, akanitazama, akabonyeza. Magitaa yakaanza. Ubeti wa kwanza ukapita, sote kimya. Wa pili ukaingia, mstari wangu, mstari wake, na wa tatu, ambao mwenyewe hayupo, mjukuu wangu akasogea mbele kwenye kiti akaushika yeye.